Mikono ya Nyuma Inayorekebishwa: Hesabu, Chuma na Wajibu katika Gari Lililoshushwa

Kushusha gari, yaani kupunguza umbali kati ya bodi na barabara kwa kufunga springi fupi au shokapu zenye kimo kinachobadilishwa, ni mabadiliko ambayo mtazamaji huyaona katika bodi, ilhali athari yake kubwa zaidi hutokea katika mikono ya chuma inayoyashika magurudumu chini ya gari. Mikono hiyo ilipimwa kiwandani ili ifanye kazi katika kimo mahususi, na kila milimita ambayo bodi inashuka huipa pembe mpya, hulaza gurudumu kwa namna ambayo mbunifu hakuikusudia, na hatimaye hujiandika kwenye tairi kwa uchakavu wa upande mmoja. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vipuri katika Japani, Marekani na Ulaya wamebuni mikono ya nyuma ambayo urefu wake unaweza kuongezwa au kupunguzwa, ili gurudumu lirudishwe katika mkao unaofaa bila kuliinua tena gari. Kipuri hiki huonekana chepesi, kwa kuwa mara nyingi ni bomba fupi lenye kiungo kila mwisho, lakini anayekitengeneza huchukua mikononi mwake uamuzi ambao awali ulikuwa wa mhandisi wa kiwanda, na uamuzi huo haufai kuchukuliwa bila hesabu, vipimo na majaribio yanayouandama.

Kazi ya kila mkono

Mfano unaofaa kueleza jambo hili ni Honda Civic ya kizazi cha nne, cha tano na cha sita, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1987 hadi 2000, ambayo pamoja na ndugu yake Integra imekuwa miongoni mwa magari madogo yanayoshushwa kwa wingi zaidi duniani. Katika vizazi hivyo vitatu Honda iliyapa magurudumu yote manne mfumo wa wishiboni pacha, yaani mpangilio ambao gurudumu hushikwa na mkono wa juu na mkono wa chini badala ya kutegemea nguzo moja ya shokapu, na hata baada ya kizazi cha saba kurudi kwenye nguzo ya shokapu kwa magurudumu ya mbele, Civic za zamani ziliendelea kuthaminiwa na wapenzi wa magari kwa sababu ya mpangilio huo.

Nyuma ya Civic hiyo kila gurudumu hushikwa na mikono minne. Mkono mrefu hulala kwa urefu wa gari kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye bushi kubwa ya mpira iliyo mbele yake, nao hupokea kani za breki na za kuvutwa barabarani. Mkono wa chini hulala kwa upana wa gari na hubeba shokapu pamoja na springi, hivyo uzito wa nyuma wa gari hupitia kwake. Mkono wa juu, ulio mfupi kuliko wa chini, huzuia sehemu ya juu ya gurudumu isiegemee ndani wala nje. Mkono wa nne ni mdogo na umefungwa karibu na bushi ya mbele ya mkono mrefu, na kazi yake ni kuuelekeza mkono huo usiligeuze gurudumu wakati mpira wa bushi unapobonyea. Mgawanyo huu wa kazi ndio unaoamua namna ya kubuni kila kipuri, kwa maana mkono unaovutwa na kusukumwa tu hauhitaji umbo lile lile linalohitajiwa na mkono unaobeba springi.

Kinachotokea gari linaposhuka

Mafundi wa magari huita mlalo wa gurudumu kwa jina la kemba: gurudumu likitazamwa kutoka nyuma na kuonekana limesimama wima kabisa, kemba yake ni sifuri, na sehemu ya juu ikiegemea ndani ya gari, kemba huwa hasi. Wabunifu wa wishiboni pacha huufanya mkono wa juu kuwa mfupi kwa makusudi, ili gari linapokata kona na bodi kuinama, gurudumu la nje lipate kemba hasi kidogo na tairi liendelee kukanyaga barabara kwa upana wake wote. Faida hiyo hugeuka kuwa tatizo gari linaposhushwa, kwa kuwa mkao ambao ulikusudiwa kutokea kwa sekunde chache za kona sasa unakuwa mkao wa kudumu.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, mkono wa juu wenye urefu wa milimita 230, mkono wa chini wenye urefu wa milimita 350, yote miwili ikiwa mlalo kabla ya gari kushushwa, na umbali wa wima kati ya viungo vyao vya nje ukiwa milimita 250. Gari likishushwa milimita 25, kila mkono hupanda upande wa gurudumu na kuchora sehemu ya duara, na kwa kuwa duara la mkono mfupi lina mzingo mkali zaidi, ncha ya juu huvutwa ndani kuliko ya chini kwa karibu nusu milimita, tofauti inayoleta kemba hasi ya takribani digrii 0.1. Likishushwa milimita 50, kemba hasi hufika digrii 0.4, na likishushwa milimita 75 huvuka digrii 1. Kwa maneno mengine, kushusha mara tatu zaidi huongeza kemba karibu mara tisa, na hii ndiyo sababu gari lililoshushwa kidogo laweza kuendeshwa kwa miaka bila marekebisho yoyote, wakati lile lililoshushwa sana huanza kula tairi upande wa ndani mapema. Katika gari halisi mikono huwa na mwinamo tangu mwanzo, hivyo tarakimu hutofautiana, lakini kanuni hubaki ile ile.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo hupatikana kiasi cha marekebisho. Katika mfano huu, kurefusha mkono wa juu kwa milimita 4.4 huirudisha kemba kwa digrii 1, na kwa hiyo mkono unaoweza kurefushwa kwa milimita 15 unatosha kwa karibu kila gari la barabarani. Kwa miaka mingi baadhi ya mafundi wa Civic walifikia matokeo kama hayo kwa kuweka washa kati ya kishikizo cha mkono wa juu na bodi, ili kishikizo kizima kisogee nje. Njia hiyo ni rahisi, lakini kila washa inayoongezwa hupunguza sehemu ya bolti iliyoingia kwenye hesi zake, yaani mikato ya mzunguko inayoishika, na hupunguza pia eneo ambalo kishikizo hulalia bodi, kwa hiyo ina kikomo ambacho mkono unaorekebishwa hauna.

Uelekeo wa gurudumu ni mzito kuliko mlalo wake

Watu wengi huanza na kemba kwa sababu huonekana kwa macho, ilhali kinachomaliza tairi haraka zaidi ni uelekeo, yaani pembe ya gurudumu likitazamwa kutoka juu, iwapo linaelekea mbele sawasawa, linaangalia ndani au linaangalia nje. Gurudumu lililogeuka kwa nusu digrii tu huburutwa kando kwa karibu mita 9 katika kila kilomita moja, na mkwaruzo huo hauonekani kwa dereva hadi siku tairi linapotoa nyuzi zake. Madhara ya usalama ni makubwa zaidi. Magurudumu ya nyuma yakiangalia ndani kidogo, gari hutulia likiwa kwenye mwendo wa kasi, lakini yakiangalia nje, sehemu ya nyuma hupenda kuhama, hasa dereva anapoachia mafuta ghafla katikati ya kona au anapokanyaga breki kwenye barabara yenye maji.

Mlalo na uelekeo havitengani. Mtu anayebadilisha urefu wa mkono mmoja hubadilisha pia mstari ambao gurudumu huuzunguka, hivyo kemba ikirekebishwa bila kupima uelekeo upya, kasoro moja huondolewa na nyingine kuzalishwa. Katika gari la mfano wetu, kiungo kinachotawala uelekeo kikiwa milimita 150 kutoka kwenye mhimili wa kugeukia, milimita 1 ya kosa huleta takribani digrii 0.4, kiasi kinachokaribia kile cha kuburuta tairi mita 7 kwa kilomita. Ndiyo maana seti kamili ya mikono ya nyuma huwa na njia mbili za kurekebisha, moja kwa ajili ya mlalo na nyingine kwa ajili ya uelekeo, na ndiyo maana mkono uliofungwa bila kupelekwa kwenye mashine ya wili alaimenti, yaani ya kupima mlalo na uelekeo wa magurudumu, ni kazi ambayo haijakamilika.

Kubuni huanza kwa kupima

Mbunifu makini hakati chuma kabla ya kujua njia ambayo gurudumu linapita. Utaratibu unaokubalika ni kuliweka gari juu ya stendi imara kwenye sakafu iliyosawazishwa, kutoa springi, kisha kulipandisha na kulishusha gurudumu kwa jeki hatua kwa hatua, kwa mfano kila milimita 10, huku kemba na uelekeo vikipimwa na kuandikwa katika kila hatua. Matokeo yakichorwa kwenye karatasi hutoa mkunjo unaoonyesha tabia ya gurudumu katika safari yake yote, na mbunifu hutambua mapema iwapo gurudumu litageuka ghafla karibu na mwisho wa safari, jambo ambalo kipimo kimoja cha gari likiwa limesimama hakiwezi kufichua.

Baada ya hapo hutengenezwa mkono wa majaribio, usiokusudiwa kubeba mzigo wala kuendeshwa, ambao kazi yake ni kutafuta urefu sahihi na kuhakikisha kwamba kuna nafasi. Gari likishuka, mkono husogea karibu na fremu, tangi la mafuta, bomba la moshi, mpira wa breki, kebo ya breki ya mkono na ukingo wa ndani wa rimu, na nafasi iliyokuwa ya kutosha katika kimo cha kiwanda yaweza kutoweka kabisa. Ukaguzi huo hufanywa gurudumu likiwa juu kabisa, chini kabisa, na pia gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, kwa kuwa mikao hiyo huvilazimisha viungo kugeuka kwa pembe tofauti. Vipimo vikishathibitishwa, huhamishiwa kwenye jigi, yaani fremu ya chuma yenye pini zinazoshikilia ncha za mkono mahali pake wakati wa kuchomelea, ili mkono wa kulia na wa kushoto, na wa kwanza na wa mia, iwe na umbo moja.

Kani zinazopita na sababu ya mkono kunyooka

Gari linapokata kona, tairi husukumwa kando pale linapokanyaga barabara, chini ya viungo vyote viwili vya gurudumu. Kiungo cha chini kikiwa milimita 180 juu ya ardhi na cha juu kikiwa milimita 250 zaidi, hesabu ya mizani huonyesha kwamba mkono wa juu hupokea karibu robo tatu ya kani ya tairi, wakati wa chini hupokea zaidi ya mara moja na nusu ya kani hiyo, kwa kuwa mikono hiyo miwili husukumana kinyume. Gari la takribani tani moja linapokata kona kwa nguvu, gurudumu moja la nyuma laweza kupata kani ya kando ya newton 2,500, lakini mbunifu hatosheki na kiasi hicho, kwa sababu shimo, tuta au ukingo wa barabara hupiga mara kadhaa zaidi, na kwa hiyo mizigo ya kubunia huwekwa kwenye maelfu mengi ya newton.

Hapa ndipo umbo la mkono linapokuwa suala la maisha. Bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 25 na unene wa ukuta wa milimita 3, likiwa limenyooka na kusukumwa kwa newton 10,000, hupata mkazo wa takribani megapaskali 48, kiasi kidogo ambacho hata chuma cha kawaida hukistahimili kwa urahisi. Bomba hilo hilo likikunjwa katikati ili likwepe fremu, na katikati yake ikawa milimita 30 nje ya mstari unaounganisha viungo, kani hiyo hiyo sasa hulipinda, na mkazo wake hufika takribani megapaskali 340, yaani mara saba zaidi. Alumini ya daraja la 6061-T6, ambayo huanza kupinda bila kurudi karibu na megapaskali 276, ingekuwa imeshindwa, na chuma laini kingekuwa kimepinda. Mkono uliokunjwa unaweza kuwa wa lazima katika gari lililoshushwa sana, lakini lazima uwe mnene zaidi au wa chuma bora, na mbunifu anayeiga tu umbo la mkono wa mwingine bila kufanya hesabu hii hujenga hatari ambayo rangi nzuri huificha.

Mkono wa chini wa Civic una hukumu yake peke yake. Kwa kuwa shokapu na springi huukalia kati ya viungo vyake, hupindwa kwenda chini kila wakati gari linapokuwa barabarani, hata likiwa limesimama, na kwa hiyo bomba jembamba lililotosha kwa mkono wa juu halifai kabisa hapa. Watengenezaji hutumia bamba za chuma zilizosimama wima, au kipande kizima cha alumini kilichochongwa kwa mashine, kwa sababu kimo cha kipuri ndicho kinachozuia mpindo: kimo cha bamba kikiongezwa mara mbili, ugumu wake dhidi ya mpindo huongezeka mara nane.

Chuma, hesi na viungo

Kwa mabomba, chuma kinachopendwa ni kromoli, yaani aloi ya chuma yenye kromiamu na molibdeni inayojulikana kwa namba 4130, ambayo hubeba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo, ingawa bomba la chuma laini lililovutwa baridi bila mshono ulioinuka ndani linatosha kwa mikono mingi ya barabarani. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini ina mapungufu mawili yanayopaswa kujulikana: ikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake karibu na mchomeleo, na tofauti na chuma haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake ingeweza kurudiwa bila mwisho pasipo kuchoka. Uchovu wa metali ni kupasuka taratibu kunakosababishwa na mzigo mdogo unaojirudia mamilioni ya mara, na kipuri cha sasipensheni huishi maisha yake yote ndani ya marudio hayo.

Urefu wa mkono hubadilishwa kwa hesi. Katika mpangilio bora, mwisho mmoja huwa na hesi ya kulia na mwingine hesi ya kushoto, hivyo bomba likizungushwa viungo vyote viwili hutoka au kuingia kwa pamoja, na hakuna haja ya kufungua bolti yoyote ya gari. Hesi yenye hatua ya milimita 1.5 hubadilisha urefu kwa milimita 3 kwa mzunguko mmoja, kiasi ambacho katika mfano wetu ni digrii 0.7 za kemba, na kwa hiyo robo ya mzunguko hutosha kwa marekebisho ya mwisho. Nati ya kufungia hukazwa kila upande ili bomba lisijizungushe lenyewe. Kanuni isiyopaswa kuvunjwa ni kwamba hesi iliyoingia ndani isipungue urefu sawa na kipenyo chake, na vizuri zaidi ifike mara moja na nusu, ndiyo maana watengenezaji waangalifu hutoboa tundu dogo la ukaguzi kwenye mwisho wa bomba, ili fundi aone kwa macho kwamba hesi imefika panapotakiwa.

Kuhusu viungo, mbunifu huchagua kati ya aina tatu, na kila moja ina gharama yake. Bushi ya mpira hunyonya kelele na mitikisiko, na kwa kuwa mpira wake umegandishwa kwenye bomba la ndani, hugeuka kwa kujisokota badala ya kuteleza. Kwa sababu hiyo bolti yake lazima ikazwe gari likiwa limekanyaga chini katika kimo chake cha kila siku, kwani ikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokotwa muda wote na huchanika mapema, kosa ambalo ni la kawaida sana katika magari yaliyoshushwa. Bushi ya poliyurethani ni ngumu zaidi na hudumu, lakini huhitaji grisi na haipendi kugeuzwa pande nyingi kwa wakati mmoja, hivyo katika mkono mrefu wa Civic, ambao husogea kwa njia tata, inaweza kukwama. Rodiendi, yaani kichwa chenye hesi kinachoshika tufe la chuma lenye tundu katikati, hugeuka kwa uhuru na kushika vipimo bila kuyumba, lakini hupitisha kila kelele ndani ya gari, vumbi na maji hulila tufe lake, na shingo yake haikuumbwa kubeba mpindo. Rodiendi ikifika mwisho wa pembe yake kabla ya gurudumu kumaliza safari, huacha kuwa kiungo na kugeuka wenzo unaoivunja shingo yake yenyewe.

Mchomeleo na ukaguzi

Sehemu dhaifu zaidi ya mkono uliotengenezwa kwa mkono ni pale bomba linapokutana na kipande chenye hesi. Kipande hicho huchongwa kwa mashine ya kukereza ili kiingie ndani ya bomba bila kucheza, kisha huchomelewa kuzunguka mwisho wote, na mara nyingi pia kupitia matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa bomba ili mzigo ugawanywe. Kromoli huchomelewa vyema kwa tigi, njia inayotumia ncha ya tangsteni na gesi ya kukinga hewa, na baada ya hapo huachwa ipoe yenyewe katika hewa tulivu, kwa maana kuimwagia maji huifanya sehemu iliyoungua kuwa ngumu na rahisi kupasuka kama kioo.

Mchomeleo mzuri kwa macho si ushahidi wa kutosha. Mkono wa kwanza wa kila umbo hustahili kukatwa katikati ili kuona kama moto ulipenya, mwingine kuvutwa na kusukumwa kwa mashine ya haidroliki kupita mzigo uliokadiriwa, na iliyobaki kukaguliwa kwa wino wa kupenya, ambao hupakwa, hufutwa, kisha hutokeza tena katika mstari pale penye ufa usioonekana. Baada ya majaribio ya barabarani mikono hufunguliwa na kukaguliwa upya, bolti hukazwa kwa kipimo, na mstari wa rangi huchorwa juu ya nati na bomba ili kulegea kokote kuonekane bila kufungua kitu.

Mipaka ya kipuri hiki

Mkono unaorekebishwa hurudisha mkao wa gurudumu, lakini haurudishi kila kilichopotea. Gari linaposhuka, kitovu cha kuinama, yaani nukta ambayo bodi huinamia katika kona, kwa kawaida hushuka zaidi kuliko kitovu cha uzito, hivyo kani inayoiinamisha bodi hupata wenzo mrefu zaidi wa kuvuta, na gari ambalo mwenyewe alitarajia litulie laweza kuhitaji springi ngumu zaidi ili tu kurudi pale lilipokuwa. Kurekebisha hilo kunahitaji kuhamisha mahali viungo vilipofungwa, si kubadilisha urefu wa mkono. Vilevile safari ya shokapu hupungua, na gari linalogonga mipira ya kikomo mara kwa mara hupeleka kwenye mikono mapigo ambayo hakuna hesabu ya kona iliyoyahusisha.

Tena, matokeo ya gari moja hayahamishwi kwa jingine. Katika Subaru Impreza ya vizazi viwili vya kwanza, iliyotoka mwaka 1992 hadi 2007, nyuma hakuna mkono wa juu: gurudumu hushikwa na nguzo ya shokapu pamoja na mikono miwili sambamba ya chini, kwa hiyo kurefusha mikono hiyo husukuma nje sehemu ya chini ya gurudumu na kuongeza kemba hasi, kinyume kabisa na inavyotokea katika Civic. Katika BMW ya mfululizo wa E30 kila gurudumu la nyuma lina mkono mmoja tu wa mshazari, hakuna urefu wa kubadilisha, na marekebisho hufanywa kwa kuchomelea vishikizo vyenye nafasi za kusogezea egemeo la mkono. Nissan Silvia ya S13, iliyotoka mwaka 1988 na kupendwa sana na madereva wa mashindano ya kuteleza, ina mikono mingi ya nyuma, na kila mmoja ukibadilishwa huathiri mingine.

Nchi zilizo na utamaduni mkubwa wa kubadilisha magari zimeuweka wajibu huu katika sheria. Japani ililegeza masharti ya vipuri vya kubadilisha mwaka 1995, lakini ukaguzi wake wa magari bado unadai nafasi ya angalau sentimita 9 kati ya gari na ardhi. Ujerumani huruhusu mabadiliko ya sasipensheni pale tu yanapokuwa na hati ya ubora au yanapothibitishwa na mkaguzi anayetambuliwa, na gari lisilo na uthibitisho huo laweza kupoteza kibali chake cha kutembea barabarani.

Somo kwa gereji za Afrika Mashariki

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa magari mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda huletwa yakiwa yametumika Japani, yakiwa na usukani wa kulia, na baadhi yake hufika yakiwa tayari yameshushwa na kufungwa mikono ambayo mnunuzi hajui iliwekwa na nani wala kwa vipimo gani. Barabara zenye matuta na mashimo huipa mikono hiyo mapigo zaidi ya yale iliyoyapata kwenye lami laini ya Japani, na vumbi humaliza rodiendi mapema. Mnunuzi anastahili kukagua mambo machache kabla ya kulipa: kama hesi imeingia vya kutosha, kama nati za kufungia zimekazwa, kama tufe la rodiendi linacheza, kama bushi zimechanika, na kama matairi ya nyuma yameliwa upande wa ndani.

Ujuzi wa kutengeneza vipuri hivi haukosekani katika ukanda huu. Mafundi wa jua kali na wale wa karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam wana mashine za kukereza, wanajua kuchomelea, na wana jicho la chuma ambalo vyuo vingi vingetamani kulirithisha. Kinachohitajika ni kuuongezea ustadi huo vipimo vilivyoandikwa, jigi, chuma kinachojulikana daraja lake na majaribio kabla ya kuuza. Kila mkono unaotoka kwenye karakana ungestahili kuwa na namba, na namba hiyo iandikwe pamoja na aina ya chuma, jina la mchomeleaji, urefu uliowekwa na vipimo vya wili alaimenti, ili ufa ukionekana katika gari moja, mengine yote yenye mikono ya kundi hilo yaweze kuitwa na kukaguliwa. Viwanda vikubwa hulindwa na kumbukumbu za namna hiyo, na karakana ndogo yaweza kuzianza kwa daftari moja na seti ya namba za kugonga kwenye chuma, gharama ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya gurudumu moja linalopoteza mwelekeo katika mwendo wa kasi.